Kifo Ulichokitangaza kwa Simu Yangu

Faida, mwanangu,

Umeshafunga mizigo na umelala. Mimi nimebaki huku mbele na cherehani yako, imefungwa kamba tayari kwa safari. Nakuandikia kwa sababu tangu Jumapili, kila nikifungua mdomo mbele yako yanatoka maneno mengine kabisa. Nakuambia chumvi imekwisha. Nakuambia mbuzi wa jirani ameingia kwenye mihogo. Umeniuliza mara kadhaa kama naumwa, nikakujibu ni mgongo. Haukuwa mgongo.

Sitakuandikia mambo ya kuishi Mbarara. Shangazi yako amekwisha kukufundisha yote kuhusu vijana wa bodaboda wa Kakoba, na aliyajulia wapi sitaki kuuliza. Kupika unajua, kuamka unajua, kusali unajua. Nataka kukuandikia juu ya kifo changu.

Jumapili ulipokuwa kwenye mazoezi ya kwaya, nilikuwa nimekaa nje na simu za watu, nyaya kila upande, kama unavyonijua. Bodaboda ikasimama. Akashuka mama mmoja Mnyankole, mtu mzima, amevaa gauni la kutokea, mkononi ana mfuko wa sukari na mchele. Alitembea polepole, kichwa chini, kama watu wanavyoingia penye msiba. Nikafikiri amekosea nyumba.

"Mimi natoka Mbarara, kule Kakoba," akasema. "Natafuta nyumba ya Faida, ile mutoto ya kufiwa na baba."

Nikamwambia akina Faida ni wengi hapa kambini Kashojwa, labda anamtafuta mwingine.

"Faida ya kushona," akasema. "Ile mimi nilimupa mashini."

Macho yangu yalikwenda yenyewe mpaka ndani, kwenye cherehani hii. Wewe uliniambia mwenye duka la kushona kule Kakoba, yule aliyekupa nafasi barazani kwake, amelegeza masharti akakuazima. Nilikuamini. Nilimwombea yule mwenye duka kanisani, kwa sauti, mbele ya watu. Sasa nilikuwa nimesimama na kiti mkononi, na mama wa watu ananitazama kwa huruma.

"Pole sana, ssebo, pole bwana. Wewe ni nani ya marehemu?"

Faida, nilikuwa na muda wa kuvuta kiti tu. Nilipokivuta nikaelewa kwamba marehemu ni mimi. Nikaelewa kwamba nikisema neno moja la kweli, mwanangu ataanza maisha Kakoba akiitwa mwizi na mtu wa kwanza kumfahamu kule. Nikamwekea kiti kivulini nikasema, "Mimi ni mudogo yake."

Basi nikawa baba yako mdogo, kwenye mlango wangu mwenyewe.

Kabla sijakueleza tulivyoendelea na yule mama, nataka usome habari za kikundi chetu cha kwenye simu kutoka kwangu. Unazijua, ulikuwepo. Lakini ulizijua kama mtu aliyekuwa akinisaidia kuandika, na mimi nilizijua kama mtu aliyeweka jina lake pale.

Kikundi cha Kipo Chukua kilianzia kwenye meza ya kuchajia simu. Watu wa Mbarara waliokuja kununua maharage walikuwa wanasema wana vitu nyumbani visivyotumika: vitanda, masufuria, viatu vya watoto waliokwisha kukua. Watu wa hapa walivihitaji. Mimi nilikuwa na simu nzuri na umeme wa jua juu ya bati, basi nikawa msimamizi bila mtu yeyote kunipigia kura. Mwanzoni kila mtu alijiandikia mwenyewe. Anayetoa anaandika nina kitu hiki. Anayekitaka anaandika nakihitaji, na sababu yake.

Ile sababu ndiyo iliyotuharibia. Unalikumbuka lile godoro la kwanza. Asubuhi mtu mmoja aliandika analala chini na mtoto mgonjwa. Kufika mchana mwingine alikuwa na watoto wagonjwa wawili na nyumba inayovuja. Jioni tulikuwa tumefika kwenye maiti. Sisi wakimbizi tumepita maofisi mengi, na kote tumejifunza kwamba mlango unafunguliwa na hadithi, na kwamba hadithi iliyotosha jana leo haitoshi. Watu waliopatwa na mabaya ya kweli walikuwa wanayatandika mbele ya majirani, wengine wanayaongezea, na mwenye godoro anachagua kama mtu aliye mbele ya mafungu ya nyanya. Godoro lilikwenda kwa aliyelia vizuri kuliko wengine. Na Consolata, yule mjane Mrundi anayeshona kwa mkono karibu na kisima, aliandika maneno haya tu: naomba cherehani, najua kushona. Hakuna aliyemjibu hata salamu.

Ndipo nilipokifunga kikundi, msimamizi peke yake awe ndiye anayeandika. Mwenye shida ananiletea mimi, mimi naweka bila jina na bila hadithi. Mtu wa Kashojwa anahitaji godoro. Mama wa kijiji cha Warundi anahitaji cherehani. Aliyetangulia kuomba anatangulia kupata. Watu walinung'unika, wakasema nina moyo wa chuma, wengine wakatoka. Mimi nilijivuna. Nilitembea hapa kijijini nikijiona mtu aliyewarudishia watu heshima yao, kwamba sasa mtu anapata sufuria bila kulipa kwa machozi.

Lakini hadithi hazikuisha. Ziliishia kwangu. Watu walikuja mezani na simu imezimika, wakisubiri ichaji wananieleza, na wengine waliniandikia usiku ujumbe mrefu ambao hawakutaka uende kwa mtu mwingine. Nilizisoma zote, na nyingine zilinizidi, nikawa nakusimulia wewe tukila. Hapo nilikosea, na ni kosa ninaloliona wazi sasa. Mtu aliniamini mimi. Hakukuamini wewe, wala hakukukataa, hakukufikiria kabisa. Mimi nilichukua siri yake nikaiweka mezani pamoja na ugali.

Kitu kimoja nilichojifunza katika kuzisoma ni kwamba hadithi ya kweli mara nyingi imeandikwa vibaya. Mtu aliyepoteza nyumba na ndugu anakuandikia ukurasa mzima kuhusu kikaango. Anaanza katikati, anasahau kusema nani amekufa, anakasirikia mtu ambaye humjui. Ile iliyonyooka, yenye mwanzo na mwisho, yenye machozi mahali pake, niliiogopa. Nilikuambia hivyo mara nyingi, na wewe ulikuwa unaitikia kwa kichwa. Nilidhani unakubaliana nami.

Sasa nije kwako. Siku ile uliponiletea ombi lako nilikuwa natengeneza waya, sikuinua hata uso.

"Papa," ulisema, "weka na yangu. Kule Kakoba bananipa fasi kama niko na mashini. Bila mashini hawanikubali."

"Consolata ametangulia," nikakujibu. "Na mutoto wa musimamizi anakuwa wa mwisho."

"Wa mwisho mpaka lini?"

Nilirudi kwenye waya wangu. Niliona swali lako ni la utoto. Viatu vya shule vilipotolewa, ulikuwa wa mwisho, vikaisha. Lile begi jekundu ulilolitamani mpaka ukaenda kulishika mara mbili, nililipeleka kwa mtoto wa mtu mwingine kwa mikono yako wewe. Nilitaka watu waseme Papa Faida hapendelei. Walisema. Nililiona jina langu linakua, sikuona kwamba ni wewe uliyekuwa unalilipia. Ningekuwa na akili ningekwambia angalau kwamba nimekusikia, kwamba nafasi ile ya Kakoba nami naitaka kwa ajili yako, kwamba inaniuma. Iliniuma. Nilikunyamazia tu.

Haya nimeyasema kwa sababu ni kweli, si ili nikusamehe haraka. Bado nina hasira, mama, na nataka uisome hasira yangu yote.

Ulichukua simu yangu. Neno la siri unalo kwa sababu nilikupa mwenyewe, na nilikupa kwa sababu kati ya watu wote wa kambi hii wewe ndiye ambaye sikuhitaji kumfungia chochote. Ukaandika kwenye kikundi, mahali ambapo naandika mimi peke yangu. Kisha ukaufuta ujumbe kwenye simu yangu tu, ukabaki kwenye simu za wengine wote. Ukaweka namba yako watu wapige. Waliotuma pole kwangu nimfikishie mfiwa, ukazifuta pole zao kabla sijaziona. Kwa siku kadhaa nimetembea kati ya watu waliokuwa wamesoma kitu kwa jina langu, na mimi sikijui.

Yule muuza mkaa alinipita mezani akasema, "Papa Faida, safari hii umetupatia hadithi. Bibi yangu alilia." Nikacheka. Nilidhani ananitania kwa ukali wangu. Nikamjibu, "Ngoja, ziko zingine mingi." Fikiria jibu hilo alilipokeaje.

Na cherehani ilipofika, Consolata alikuja kuiona. Unakumbuka. Hakuja na uso wa kununa. Alipiga magoti hapo sakafuni, akafungua chini, akaisafisha na kuitia mafuta, akakuonyesha namna ya kulegeza uzi usikatike. "Ni mashini nzuri sana," alisema. "Mungu amekukumbuka." Wewe ulikuwa umesimama kando yake umeshika kitambaa. Ulijua cherehani ile ilipita juu ya kichwa chake. Ulimwacha aisafishe.

Nimejaribu kukuelewa katika mengine. Hapo bado sijaweza.

Turudi kwa yule mama. Jina lake Mama Kyomuhendo, labda unalijua. Nilimpa maji akanywa kidogo, kisha akatoa simu akanionyesha ulichoandika. Alikuwa amekihifadhi. Nilivaa miwani nikasoma, kisha nikarudia kusoma tangu mwanzo, akadhani ni uchungu wa ndugu.

Uliandika, bila kutaja jina, kwamba baba yako aliyekuwa anakufundisha kushona amefariki. Mimi, ambaye nikishona kifungo kinaanguka kabla ya Jumapili. Uliandika kwamba mlimzika bila jeneza. Uliandika kwamba shati lake la mwisho hamjalifua, kwa sababu mdogo wako analala nalo.

Huna mdogo, Faida. Mdogo yule ni wa kijana Mrundi aliyeniandikia mwaka huu akiomba blanketi. Shati ni la baba yake. Nilimwomba ruhusa ya kuondoa habari hizo, nikaweka kwamba mtu anahitaji blanketi, naye akashukuru kwamba hazikuonekana. Nilikusimulia wewe siku ile kwa sababu sikuweza kula. Wewe ulizitunza mpaka ulipozihitaji, kisha ukazipeleka mbele ya kikundi kizima, na yule kijana yumo ndani ya kikundi. Amesoma. Hajaniuliza neno. Tangu ujumbe ule utoke anachaji simu yake kwa mtu mwingine.

Mama Kyomuhendo akanieleza mambo yake. Cherehani ilikuwa ya mume wake, fundi wa suti, aliyefariki. Ilikaa chumbani imefunikwa shuka.

"Watu mingi waliomba," alisema. "Mimi nikakataa. Hata dada yangu nikakataa. Lakini huyu mutu ya kikundi, huyu musimamizi, yeye hapendi hadithi kabisa. Anaandika tu kitu, kitu, kitu. Nikasema, kama leo yeye amekubali moja, hiyo ni ya kweli. Nikalia. Nikatoa shuka."

Nilisoma hadithi za watu miaka yote hii, na hakuna sentensi iliyonipiga kama hiyo. Ukali wangu ndio uliofanya uongo wako uaminike. Kama ningekuwa msimamizi mwepesi, anayeruhusu kila kilio, kilio chako kingepotea kati ya vingine na yule mama angebaki na cherehani ya mume wake. Kila mtu niliyemkatalia, kila ujumbe nilioukata, kila uso nilioukunja, nilikuwa nakuwekea akiba ya kuaminiwa bila kujua, na wewe ulijua. Uliitoa yote kwa siku moja. Siwezi kuirudisha, na hata ningekaa msimamizi miaka mingine mingapi, sijui kama nitaipata tena.

Kisha akasema maneno niliyokuwa nayaogopa. Alisimama, akakung'uta gauni.

"Kaburi iko wapi?"

Kwao mtu anazikwa nyumbani, kwenye migomba, mgeni anaonyeshwa. Alikuwa ameshaanza kutazama nyuma ya nyumba. Nikamwambia sisi tunazikwa kule pamoja, makaburini, na ni mbali. Nilitumaini atachoka.

"Siwezi kurudi bila kuona kaburi," akasema. "Itakuwa vibaya kwa marehemu."

Ningeweza kusema kweli hapo. Barabarani pia ningeweza, na tulitembea muda mrefu, yeye na viatu vyake vya kanisani, mimi mbele. Kila hatua niliona bado kuna nafasi, na kila hatua nilikufikiria wewe barazani Kakoba na watu wanakupita wakinong'ona. Tulipofika makaburini nilitafuta kaburi jipya, lisilo na watu karibu. Jipya lilikuwepo, lakini kulikuwa na familia juu yake. Basi nilimpeleka kwa mama yako.

Nimeliandika. Nilisimama mbele ya mama yako nikamwambia mgeni kwamba huyu ndiye kaka yangu.

Mvua ilikwisha kula maandishi ya msalaba. Nilikuahidi nitayapaka rangi upya tangu kabla ya Krismasi, sikuyapaka, na siku ile uvivu wangu ndio ulionisaidia kudanganya. Mama Kyomuhendo alitoa leso akafuta mti wa msalaba kwa upole, kama anamfuta mtu uso. Akauliza jina la marehemu ili amwombee. Sikuwa na jina jingine tayari. Nikasema, "Byamungu." Akaomba kwa Kinyankole, na katikati nikasikia jina langu, Byamungu, likiombewa pumziko. Alipomaliza nikaitika Amina. Mama yako alikuwa chini yetu na hakuna aliyemtaja.

Tulipokuwa tunatoka pale yule mama alinishika mkono. "Sasa wewe ndio baba yake," akaniambia. "Umuangalie muzuri. Watoto ya kufiwa wanadanganywa sana kule mujini."

Nililia, na kilio kile kilikuwa cha kweli, ingawa yeye alikielewa vingine.

Usiku ule nilijiuliza swali ambalo nadhani ndilo kubwa kuliko yote. Kama ulihitaji kifo, Faida, tulikuwa nacho. Mama yako alikufa kweli, hapa hapa, ukiwa unamshika mguu. Ungeandika hilo tu lingetosha, na lisingekuwa uongo. Hukuliandika. Nimelizungusha sana kichwani, na nimeona kwamba hukutaka kumuuza mama yako. Ulimwacha apumzike. Ukatafuta aliyekuwa rahisi kuuzwa, ukamwona ni mimi, niliyekuwa nakoroma upande wa pili wa pazia.

Jambo hilo lina pande mbili kwangu na zote zinakaa pamoja. Upande mmoja nashukuru kwamba kuna kitu ambacho hukukigusa. Upande mwingine naona kwamba ulichokilinda wewe, mimi ndiye niliyekwenda kukikanyaga. Wewe uliniua mimi kwenye simu. Mimi nilimfuta mama yako mbele ya kaburi lake. Siwezi kukupigia kelele kwa mdomo mmoja na kunyamaza kwa mwingine. Juzi nilikwenda kwake na rangi, peke yangu, nikaandika jina lake lote. Nilimwomba radhi. Sikujua nimwambie nini juu yako.

Kwa hiyo hivi ndivyo nilivyoamua, na wewe utaamua lako.

Consolata nimemwambia leo jioni. Nilikwenda kwake mwenyewe. Nilidhani atalia au atanifukuza. Aliendelea kushona pindo alilokuwa analishona, mpaka mwisho wa uzi, akaukata kwa meno. "Nilikuwa nimejua kuna kitu, Papa Faida," alisema. "Msichana hakunitazama." Hakusema amesamehe, wala mimi sikumwomba aseme. Kijana wa shati nitamtafuta kesho kutwa. Kikundi nacho kitaambiwa na mimi, si na wewe, kwa sababu jina lililokuwa pale ni langu. Nitawaandikia hadithi moja ya mwisho, ndefu, iliyoandikwa vibaya, kisha nitampa mtu mwingine usimamizi. Atakayefuata nitamwambia asiogope hadithi kama nilivyoziogopa mimi, na asizipende. Nitamwambia asikilize mtu anachohitaji na azitunze habari zake mdomoni mwake. Zaidi ya hapo sijui nimwambie nini. Nilidhani najua kazi hii.

Lakini Mama Kyomuhendo sijamwambia. Nimeshika simu kila siku nimpigie, nikaiweka. Namba yake ninayo, aliniachia mimi baba mdogo nimpigie kama mtoto atapata shida. Sijampigia kwa sababu hilo si langu. Mimi ningemweleza vizuri mno. Ningesema umri wako, ningesema mama yako alivyokufa, ningesema mimi mwenyewe nilivyokunyima, na kabla sijafika mwisho yule mama angekuwa analia tena na amekusamehe, na wewe hujasema neno. Ningekuwa nimeandika hadithi nyingine ya kupata cherehani ile ile.

Barua hii utaikuta juu ya cherehani ukiamka, na gari la mizigo litapita mapema. Mimi nitakuwa nimevaa. Nitaipakia cherehani kwa mikono yangu, kwa vyovyote, maana haiwezi kubaki hapa. Ukitaka kwenda peke yako, panda. Sitakuvuta mkono mbele ya watu, na baraka yangu ya safari utaipata, maana baba hawezi kuishikilia hata akitaka. Lakini ujue kwamba ukienda hivyo, utafika Kakoba kama mtoto asiye na baba, na huo ndio ukweli utakaoishi nao kule. Mama Kyomuhendo atakuletea matunda Jumapili na kukuuliza kama umelala vizuri, yatima wake. Mimi sitaweza kuja kukutembelea. Nitakuja kama nani? Na simu yake nikiiona inaita, sitaipokea nikiwa baba mdogo. Mara moja ilinitosha.

Ukitaka twende wote, nitapanda nawe. Tutashuka Kakoba, tutaiacha cherehani kwenye gari kwanza na dereva atatusubiri, nimeongea naye. Tutakwenda mpaka mlangoni kwa yule mama. Utabisha wewe. Mimi nitasimama nyuma yako, sitasema kitu, hata akinisalimia kama anavyonijua. Akisema cherehani irudi chumbani kwake, itarudi, nami nitaibeba. Akisema iende kwa Consolata, nitaigeuza na gari hilo hilo. Akisema ubaki nayo, utabaki nayo, na utajua umeipata kutoka kwa nani na kwa nini. Akitufungia mlango, tutasimama nje kidogo, halafu tutatafuta chai.

Sitaki umweleze shida zetu. Usimwambie kuhusu viatu wala begi, wala mama yako, wala ukali wangu. Usilie kama unaweza kujizuia. Nigeukie tu, nishike mkono kama ukipenda, na umwambie yule mama: huyu ni baba yangu.

Nitakuwa mlangoni nimevaa koti.

Papa yako,
Byamungu